Umestaafu na unataka kurudi kwenye nakshi za ngozi: anza na maji na kisu

Kama uliwahi kutia nakshi kwenye ngozi ujanani, ukaacha kwa ajili ya kazi, watoto na ada za shule, na sasa umestaafu na asubuhi ni zako, usianze kwa kununua vifaa. Anza kwa kutafuta ngozi sahihi na kujifunza upya namna ya kuilowesha. Nawaona wenzangu wengi wakirudi kwa kuagiza seti kubwa ya mihuri, vile vyuma vya kugongea nakshi kwenye ngozi, kutoka nje. Seti inafika ikiwa kwenye boksi lake zuri, na ngozi iliyopo mezani haishiki hata alama ya ukucha. Hapo mtu anaamini mkono wake umezeeka, anafunga boksi. Mkono hauna tatizo. Mkono unakumbuka mengi kuliko unavyodhani. Kilichobadilika ni macho, viungo vya vidole, na pengine mji unaofanyia kazi.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, Ngamiani, Tanga. Alikuwa anashona makubadhi na kutengeneza majalada ya misahafu, na kila mara aliwataja kwa heshima mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, mji uliojulikana tangu zamani kwa kazi ya ngozi na kwa kunakili misahafu. Kisha nikaajiriwa Dar es Salaam kuwa mchora ramani, nikachora mipaka ya viwanja na mito kwa kalamu ya wino mpaka nilipostaafu. Sasa nafanya kazi ya ngozi kibarazani kwangu Tabata, na haya ndiyo ninayowaeleza wastaafu wenzangu wanaokuja kuuliza.

Ngozi ipi

Ngozi mbichi huoza isiposindikwa, na njia kuu za kuisindika ni mbili. Ya kwanza ni ya magome. Ngozi hukaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, ndani ya maji yenye tanini ya magome ya miti. Huku Pwani magome hayo yalikuwa ya mkandaa, na wakati wa Wajerumani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Nyanda za Juu Kusini mti wake ni mwati. Kampuni ya TANWAT ya Njombe ilianza mwaka 1949 kwa kupanda miwati na kutoa tanini kwenye magome yake. Njia ya pili ni ya chumvi za kromu. Hiyo humalizika kwa siku moja au mbili tu, na hutoa ngozi laini, inayonyumbulika, isiyopokea maji kwa urahisi. Viatu vingi, mikoba mingi na karibu makochi yote ya ngozi ni kromu.

Nakshi hukaa kwenye ngozi ya magome peke yake. Ukiilowesha, nyuzi zake hulegea. Ukizigonga, hubanana. Zikikauka, hubaki zilivyobanwa. Ngozi ya kromu, hata ukiigonga kwa nguvu zako zote, hujirudi kama sponji na kesho yake ua lako halipo.

Sasa nenda Kariakoo kwenye maduka ya malighafi za viatu. Kijana wa dukani atakupokea vizuri.

"Shikamoo mama. Hii ngozi orijino kabisa, siyo reksini."

"Marahaba mwanangu. Imesindikwa kwa magome au kwa kromu?"

Mara nyingi atafikiri kidogo, kisha atarudia kwamba ni orijino. Anasema kweli, ila swali bado halijajibiwa. Wateja wake wengi ni mafundi wa viatu na mikoba ambao hawana haja ya kulijua hilo. Mwombe akukatie kipande cha pembeni, hata cha upana wa vidole viwili, ukipime mwenyewe. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi ya magome ni ya kahawia au ya rangi ya chai ya maziwa kutoka juu hadi chini, na ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Dondosha tone la maji. Kwenye ngozi ya magome tone huzama na kuacha doa jeusijeusi linalofifia likikauka. Kwenye kromu mara nyingi hukaa juu likiteleza. Halafu bonyeza ukucha pale penye unyevu. Alama ikibaki, nunua.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko vyote: kichupa kidogo cha siki iliyolowekewa stilwaya, ambayo nitaieleza mbele kwenye rangi. Tone lake moja hugeuza ngozi ya magome kuwa nyeusi ndani ya muda mfupi, kwa sababu chuma hukutana na tanini. Kwenye kromu hakuna tanini, hakuna weusi. Nakibeba mkobani kila ninapokwenda kununua.

Ukikosa kabisa, waulize mafundi viatu wa mtaani kwako habari za ngozi ya soli. Kwa kawaida hiyo ni ya magome, ila kiwandani imebanwa ikawa ngumu. Mabaki yake yanafaa kwa mazoezi ya mihuri, japokuwa kisu huchoka nayo haraka. Na usikose maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Watu wa ngozi kutoka mikoani huja pale na bidhaa zao, na unaweza kuzungumza na anayeisindika mwenyewe badala ya anayeiuza. Dar es Salaam Institute of Technology ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Ukikutana na kijana aliyesoma kule, mshike. Atakuelewa kwa sentensi moja.

Kwa unene, tafuta milimita 3 hadi 3.5. Wauzaji wa nje huandika kwa aunsi, na aunsi moja ni takriban milimita 0.4, kwa hiyo wakiandika aunsi 8 wanasema kama milimita 3.2. Chagua sehemu ya mgongo au mabega, ambako nyuzi zimeshikana. Ngozi ya tumbo huvutika na nakshi hupinda. Inamishe kwenye mwanga wa pembeni uone makovu: kupe, miiba, na hasa chapa za moto ambazo wafugaji wetu huzipiga ubavuni. Kovu dogo halina ubaya, ila usilipangie katikati ya ua.

Maji ya Dar

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ndipo mafundisho mengi ya kwenye video yanapokosea kwetu, kwa sababu yametengenezwa na watu wanaokaa kwenye hewa kavu.

Lowesha ngozi kwa sifongo pande zote mbili mpaka rangi igeuke sawasawa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ilale usiku kucha, ili maji yasambae mpaka ndani. Asubuhi itoe, iache wazi, na usiiguse kwa kisu mpaka rangi ya juu ianze kurudi ilivyokuwa ikiwa kavu, huku ndani bado kuna ubaridi. Iweke shavuni. Ukisikia baridi na macho yakikuonyesha rangi inayokaribia ya ukavu, hapo ndipo. Ikiwa na maji mengi, kisu hukwama na mihuri huacha alama pana zisizo na ncha. Ikikauka mno, kisu hukwaruza na nyundo hurudisha mkono. Ikiwa sawa, muhuri huacha rangi ya kahawia iliyokolea pale ulipogonga, na rangi hiyo ndiyo uzuri wenyewe wa kazi. Huwezi kuipata kwa dawa ya dukani.

Kwa joto na unyevu wa Dar, ngozi yenye unyevu iliyofungwa kwenye plastiki ikikaa zaidi ya usiku mmoja huota ukungu, na doa la ukungu halitoki lote. Kwa hiyo mfuko ulale kwenye friji, sehemu ya mboga, usiuweke kwenye friza. Familia itazoea. Umeme ukikatika usiku, ifanyie kazi asubuhi hiyo hiyo au iache ikauke kabisa kivulini na uloweshe upya siku nyingine. Kuilowesha tena hakuidhuru.

Feni ni adui mkubwa kuliko jua, kwa sababu humkausha mtu na ngozi yake kwa pamoja bila kujua. Ukihitaji upepo, ielekeze miguuni. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nafanya kazi alfajiri mpaka jua linapopanda, kisha naacha. Wakati wa kusi hewa ni tulivu kwa ngozi na unaweza kukaa nayo mpaka adhuhuri. Masika ngozi hukaa na unyevu wake muda mrefu sana. Huo ni msimu mzuri wa kuchonga na msimu mbaya wa kukausha.

Angalia pia maji yenyewe. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na vingine vina kutu. Chumvi huacha utando mweupe ngozi ikikauka, na kutu huacha madoa ya bluu-nyeusi. Tumia maji ya mvua au ya kunywa, kwenye bakuli la plastiki au kioo. Bakuli la bati lililobanduka rangi, pini ya nguo, msumari uliosahaulika mezani, vyote vinaacha doa kwenye ngozi yenye unyevu. Doa likishatokea, kata ndimu, paka juisi yake juu ya doa, subiri lififie, kisha futa kwa maji safi eneo zima ili pasibaki mpaka.

Kisu kabla ya muhuri

Kisu cha kazi hii ni kidogo. Kina shina la mviringo la kushika kwa dole gumba na vidole vya kati, na juu yake kuna kishikio chenye umbo la herufi U, ambamo hukaa kidole cha shahada. Shina huzunguka huku kishikio kimetulia, ndiyo maana ukali wake unaweza kufuata mkunjo bila wewe kugeuza kiganja. Hukipati kwenye maduka ya kawaida hapa. Kiagize mtandaoni au umwombe ndugu anayesafiri, na hiki kimoja usikifanyie ubahili. Upana wa ukali wa kama milimita 10 unatosha kuanzia.

Shina jembamba linaumiza vidole vilivyoanza kuwa na yabisi. Lizungushie ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa mwembamba, mpaka likae vizuri kati ya vidole bila kulikamua. Badiliko hili dogo ndilo lililowarudisha kazini wenzangu wawili waliokuwa wamekata tamaa kwa maumivu ya dole gumba.

Kabla ya kukata, noa. Kisu kipya hakijakamilika kwa kunolewa kiwandani. Nunua dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma kwenye maduka ya vifaa Gerezani, ipake kwenye kipande cha ngozi kilichogundishwa juu ya ubao, na uvute kisu kwa nyuma, pande zote, mpaka mashavu ya ukali yang'ae kama kioo. Rudia hivyo kila baada ya mistari kadhaa ya kazi. Kisu kinachong'aa huteleza ndani ya ngozi. Kisichong'aa huvuta, na kikivuta utaongeza nguvu, na ukiongeza nguvu mstari utapinda. Mtu akiniletea kazi yenye mistari inayotetemeka akilaumu umri, kwanza nauliza mara ya mwisho amenoa lini.

Shika kisu wima, kisilale kulia wala kushoto, kiinamie mbele kidogo, na ukivute kuja kwako. Kidole cha shahada kinasukuma chini. Vidole vingine vinazungusha tu. Kina kiwe theluthi hadi nusu ya unene wa ngozi. Usirudie mstari uliokwisha kukatwa, maana hutapita palepale na ukingo utakuwa na midomo miwili. Mistari isikatizane: ule unaofika kwenye mwingine usimame kabla ya kuugusa. Na mwishoni mwa mkunjo, punguza nguvu taratibu unapoinua, ili mstari ufe polepole badala ya kukatika ghafla.

Kwa mazoezi sitaki uanze na ua. Anza na korosho, ile ya kwenye kanga. Kila nyumba ina kanga yenye korosho pindoni. Umbo lake lina mkunjo mpana upande mmoja na mkunjo wa kinyume shingoni, na mwisho wake ni ncha. Mikunjo hiyo miwili ndiyo msingi wa takriban kila jani na kila shina utakalochonga baadaye. Weka karatasi ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ile wanayofungia ripoti kwenye duka la steshenari, juu ya kanga, uchore korosho kwa kalamu ya alama. Kisha iweke plastiki juu ya ngozi yenye unyevu na upitie mistari kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino. Alama itabonyea kwenye ngozi bila kuichafua. Penseli na karatasi ya kaboni vikae mbali, kwa sababu madoa yake hayatoki.

Jaza kipande kizima cha mabaki kwa korosho: kubwa, ndogo, zinazotazama kulia, zinazotazama kushoto. Utagundua upande mmoja unakwenda vizuri na mwingine unakataa. Geuza ngozi, usigeuze mkono. Nilipochora ramani tulikuwa tunazungusha karatasi mezani kila mara, na tabia hiyo ni ya kuhamishia hapa moja kwa moja: mkono ubaki kwenye njia yake ya asili, kazi ndiyo izunguke.

Fanya hivyo mpaka mistari ikutulize. Ndiyo, kuna siku utaona kwamba umekata korosho asubuhi nzima bila kugusa muhuri hata mmoja, na kipande kinapendeza hivyo kilivyo.

Mihuri

Mitatu inatosha kuanza. Mmoja ni wa kushusha ukingo: uso wake una mteremko, upande mnene unakaa kwenye mstari uliokatwa na kuigandamiza ngozi ya nje ili umbo lionekane limepanda. Wa pili una umbo la tone, wa kutia vivuli ndani ya jani au korosho. Wa tatu ni wa vitone vidogo, wa kuzamisha sehemu ya nyuma ya picha. Mpangilio ambao mafundi wa Marekani hufuata kwa maua yao ni kisu kwanza, halafu mapambo ya pembeni ya majani, vivuli, kushusha kingo, mishipa ya majani, mbegu, sehemu ya nyuma, na mwisho kabisa mistari ya kisu ya urembo. Nimejaribu kubadilisha na kila mara naona mantiki yao: kila hatua inasafisha ukingo wa iliyotangulia.

Wa kushusha ukingo ndio mgumu. Usiunyanyue na kuuweka upya kila pigo. Uache uteleze juu ya mstari, usogee kidogo kuliko nusu ya upana wake, ukiugonga kwa mapigo mepesi yanayolingana. Ukiona ngazi-ngazi, unasogea haraka mno.

Usitumie nyundo ya chuma. Hupasua vichwa vya mihuri. Nyundo ya mbao ngumu au ya plastiki nzito inafaa, na fundi seremala atakuchongea ya mpingo au mninga kutoka kwenye mabaki. Chini ya ngozi kuwe na jiwe. Mafundi wanaokata graniti za kaunta za jikoni wana vipande vya pembeni ambavyo kwao ni taka. Chukua cha sentimita 30 hivi kila upande, na chini yake utandike mpira mnene ili jirani wa ukutani alale mchana kwa amani.

Muhuri wa sehemu ya nyuma unaweza kuutengeneza mwenyewe. Nunua bolti ya stenlesi isiyoshika kutu, sawazisha kichwa chake kwa tupa, kisha kata mistari inayopishana kwa tupa ndogo ya pembe tatu mpaka vibaki vitone. Maliza kwa msasa laini. Bolti ya chuma cha kawaida itafanya kazi pia lakini itaacha weusi kwenye ngozi yenye unyevu.

Sasa, nakshi ya nini? Kwenye video utakutana zaidi na mtindo wa Sheridan, mji wa jimbo la Wyoming, Marekani, uliopata sifa kupitia mtengeneza matandiko ya farasi Don King: maua madogo yamezungukwa na mashina yanayopishana katika miduara. Ni kazi ya hali ya juu na inafaa kusomwa, hasa jinsi mashina yanavyopita juu na chini ya mengine bila kukupoteza. Lakini naomba usiishie huko. Nenda Bagamoyo, au ukifika Unguja zunguka Mji Mkongwe, utazame milango. Tazama kizingiti cha juu, tazama mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ulivyojazwa kutoka chini hadi juu, mnyororo unaozunguka fremu, samaki wa chini, yungiyungi lililofunguka. Fundi wa mlango alikuwa na tatizo lako hilohilo: kujaza eneo refu jembamba bila kuacha pengo wala kubana. Mfaa ni mkanda wa suruali uliosimama. Piga picha ukiwa umenyooka mbele yake ili mistari isipinde, ichapishe kwa ukubwa wa mkanda wako, na uanze kuchora. Nakshi hizi ni zetu, na kwenye ngozi bado kuna nafasi kubwa ya kuzifanya upya.

Macho, kiti na vidole

Taa moja inayosimama mezani, mwanga mweupe, iwekwe chini upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Mwanga wa dari hufuta vivuli na hutauona mstari. Mwanga wa pembeni hufanya kila mkato uwe na kivuli chake. Miwani ya kusomea uliyonayo inaweza kuwa imepimwa kwa umbali wa kitabu. Kazi ya ngozi iko mbali kidogo kuliko kitabu, kwa hiyo ukienda kupima macho mweleze mpimaji umbali huo, hata mwoneshe kwa mikono.

Meza iwe kwenye kimo cha kiwiko ukiwa umekaa. Stuli za chini za kibarazani zinapendeza kwa kahawa, ila mgongo utalipa. Simama, tembea mpaka getini, urudi. Vidole vikianza kufa ganzi, kazi ya siku hiyo imekwisha, hata kama jani moja limebaki. Ngozi itakusubiri ndani ya friji.

Kazi ya kwanza na rangi yake

Usianze na mkanda wala pochi. Tengeneza visahani vya kuwekea glasi, mraba wa sentimita 10. Havihitaji kushonwa, na kila kimoja kina nafasi ya korosho moja kubwa au yungiyungi moja. Ukifanya seti ya sita utaona mwenyewe jinsi wa sita ulivyo tofauti na wa kwanza. Baadaye jalada la daftari, halafu mkanda.

Baada ya kuchonga, acha ikauke yenyewe kivulini mpaka kesho yake au zaidi. Ukipenda rangi ya asili, paka mafuta mepesi ya kwato za ng'ombe kwa kitambaa, kidogo sana, na uiache karibu na dirisha. Itakuwa ya asali kwa siku chache. Ukipenda nyeusi, tumia siki.

Osha stilwaya kwa sabuni itoke mafuta yake, ikauke, iweke kwenye chupa ya plastiki na ujaze siki nyeupe. Usikaze kifuniko, kwa sababu hutoa gesi na chupa itavimba. Iweke mahali penye hewa, mbali na moto, kwa wiki moja au mbili, kisha chuja kwa kitambaa. Paka kwenye ngozi ya magome na utaiona ikigeuka kijivu, halafu nyeusi. Weusi huu si rangi iliyokaa juu. Ni tanini ya ngozi yenyewe imeungana na chuma, kwa hiyo hauchafui nguo kama rangi nyingine za dukani. Suuza kwa maji yenye kijiko cha bikaboneti ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, iache ikauke, na uipe mafuta mara moja maana siki huikausha. Vaa glovu. Kwa nakshi ya mlango, weusi huu unaita mwanga kwenye kila ukingo.

Kingo za nje zisugue kwa msasa laini, zilowanishe kidogo, kisha uzisugue kwa kipande cha turubai kwa nguvu na kwa haraka mpaka zing'ae. Juu ya yote pitisha nta. Nta ya nyuki ya Tabora iliyoyeyushwa taratibu juu ya maji ya moto na kuchanganywa na mafuta kidogo inatosha. Paka, subiri, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Ukimaliza, usihifadhi kazi yako kwenye mfuko wa plastiki wala kabati lililofungwa. Ifunge kwenye kipande cha kanga kuukuu ya pamba, iweke rafu ya juu penye hewa, na msimu wa masika ifungue kila wiki. Ukiona vumbi jeupe la ukungu, ifute nje ya nyumba kwa kitambaa kilicholowa siki nyeupe kidogo, ile safi isiyo na stilwaya, iache ikauke kivulini, kisha irudishie nta.